ASILIMIA MOJA YA HISANI, ASILIMIA NNE YA HAKI

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana wa Masasi na Newala waishio Dar es Salaam. Mzungumzaji ni mfanyabiashara ndogondogo wa Kariakoo, mzaliwa wa Newala, aliyeomba jina lake lisiandikwe. Tumeondoa salamu na utani wa mwanzo. Mengine tumeyaacha kama alivyoyasema. – Mhariri

Vijana wenzangu,

Nimeombwa niseme juu ya misaada ya mabenki kule kwetu Kusini. Picha zake mmeziona. Meneja kavaa fulana yenye nembo, Mkuu wa Wilaya kashika upande mmoja wa hundi kubwa ya mfano, mwalimu mkuu kashika upande wa pili. Nyuma yao watoto wamekalia madawati mapya, wanacheka kwa sababu wameambiwa wacheke. Picha ikikufikia wewe hapa mjini, unaitupa kwa wenzako: "Oneni, nyumbani kumekucha!"

Sikuja kukukataza kufurahi. Nimekuja tupige hesabu. Sisi tunaitwa Wamachinga, jina ambalo watu wengi husema lilitoka kwetu Kusini kabla halijawa la kila anayetembeza bidhaa nchi hii. Machinga hauzi soksi bila kujua amenunua kwa bei gani. Basi na msaada nao tuupigie hesabu hivyo hivyo: umenunuliwa kwa bei gani, na nani kalipa?

SIKU YA MADAWATI

Nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya kijiji wilayani Newala. Jina la shule nalihifadhi, na jina la benki nalihifadhi, maana sikuja hapa kumshitaki mtu. Tulikuwa tunakaa chini. Ukitaka kuandika unalaza daftari juu ya goti, mwalimu akisema mwandiko wako unapanda mlima unamwambia goti ndilo lililopanda.

Kila mzazi alidaiwa mchango wa dawati. Mama yangu hakuwa na fedha, korosho zilikuwa bado mtini. Akaenda kwa mtu wa kangomba. Ninyi wa nyumbani sina haja ya kuwaeleza kangomba, lakini kwa faida ya wengine: ni mnunuzi wa kificho. Anakupa fedha kidogo wakati wa njaa, msimu ukifika anabeba korosho zako kwa bei aliyoipanga yeye. Mama akachukua fedha ya mchango, akaipeleka shuleni. Msimu ulipofika yule bwana akabeba gunia zima.

Miezi kadhaa ikapita. Tukaambiwa benki inaleta madawati hamsini. Tulisimama juani tangu saa mbili asubuhi, mgeni rasmi akafika saa saba. Tukaimba. Kulikuwa na mahema, viti vya kukodi, kipaza sauti, na maji ya chupa meza kuu, katika kijiji ambacho ndoo ya maji inanunuliwa na ukiimwaga unapigwa. Hotuba zilikuwa nne, na zote zilishukuru.

Nasema ukweli, lile dawati lilinifaa. Mwandiko wangu ulinyooka. Sitamtukana aliyelileta. Lakini usiku ule mama aliuliza swali moja, kwa sauti ya chini, akikoroga uji: "Na mchango wangu je?"

Hakujibiwa mpaka leo. Kama ule mchango uliliwa, au ulijenga choo cha walimu, hakuna mzazi aliyesomewa mapato na matumizi. Nani angeuliza? Watoto walikuwa wamekalia madawati! Ungeuliza wangekuona huna shukrani. Dawati la benki lilikuja likafunika dawati la mama.

Shikeni hilo neno, ndilo nililokuja nalo. Msaada mzuri kabisa unaweza kufunika haki, na mtoaji wala asijue.

HESABU YA SHILINGI MIA

Sasa tuingie ndani. Mabenki makubwa ya nchi hii, NMB na CRDB, yametangaza kwa miaka mingi kuwa yanatenga asilimia moja ya faida kwa ajili ya jamii. NMB husema fedha hiyo inakwenda zaidi kwenye elimu, afya na majanga: madawati, mabati, vitanda vya hospitali. CRDB ilianzisha mbio zake mwaka 2020, na fedha zikaenda kwenye matibabu ya moyo ya watoto pale Taasisi ya Jakaya Kikwete. NBC nayo ina mbio zake Dodoma kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi. Hayo si maneno ya kutunga. Kuna watoto wanapumua leo kwa ajili ya mbio hizo, na mtu asiyeheshimu jambo hilo ana moyo mgumu.

Lakini asilimia moja ni nini? Ni shilingi moja katika mia. Mwaka 2022 NMB ilipata faida ya zaidi ya shilingi bilioni 400 baada ya kodi. Asilimia moja ya bilioni 400 ni bilioni 4, kwa nchi nzima, kuanzia Kagera hadi Newala. Zigawe kwa halmashauri zote 184 uone kila moja inapata ngapi: milioni ishirini na moja na kitu. Hiyo ndiyo hundi kubwa ya mfano ukiikunjua.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi kwenye kipaza sauti. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu kampuni kuondoa kwenye hesabu ya kodi misaada iliyotolewa kwa taasisi za hisani na miradi ya jamii, kwa kiwango kisichozidi asilimia mbili ya mapato ya biashara. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Maana yake, katika kila shilingi mia ya msaada uliokubaliwa na sheria hiyo, shilingi thelathini zingekwenda Hazina kama kodi. Serikali imeziachia. Kwa hiyo unapoliangalia dawati, ujue miguu yake karibu mitatu ni ya benki, na mguu mmoja na ushei ni wako wewe mlipa kodi. Nembo iliyochorwa, hata hivyo, ni moja tu.

Simaanishi wameiba. Sheria imeruhusu, na pengine ni sheria nzuri. Namaanisha usiposoma hesabu utaendelea kupiga magoti kumshukuru mtu kwa mguu wa dawati ambao ni wako.

BENKI YA OKTOBA NA BENKI YA JULAI

Fedha ya benki inatoka wapi? Kwetu inatoka kwenye korosho. Tangu mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara, korosho za mkulima zinakwenda chama cha msingi, kutoka hapo zinakwenda ghala kuu, zinauzwa mnadani chini ya vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, TANECU kwa upande wa Tandahimba na Newala. Mnunuzi analipa kupitia benki, na benki inamfikishia mkulima.

Miaka ya mwanzo ya mfumo, vyama vya msingi vilikopa benki ili mkulima apate malipo ya kwanza, halafu asubiri malipo ya pili baada ya mnada. Riba ilikatwa humo humo kwenye kilo ya mkulima. Bei ya mnada ikianguka, malipo ya pili yanapotea hewani, lakini mkopo wa benki haupotei. Aprili 2013 kule Liwale, kwa majirani zetu, nyumba zilichomwa moto kwa sababu ya malipo ya korosho. Siwasifu waliochoma. Nakukumbusha tu hasira ya mtu aliyesubiri haki yake inafika wapi.

Baadaye utaratibu ukabadilika, mkulima akawa analipwa mara moja kwenye akaunti yake. Ni hatua. Na msimu wa 2024 ulipofunguliwa, bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa hiyo Oktoba ikifika kila benki inamjua mkulima wa Newala. Mabango yanapanda barabarani, mawakala wanamwagika, foleni ya mashine ya fedha pale mjini Masasi inazunguka jengo.

Lakini nakuuliza wewe: Julai nani anamjua? Julai ndipo mkulima anataka fedha ya salfa, ya kibarua wa kupulizia, ya sare ya mtoto. Mwezi huo mabango yamechakaa, na anayepiga hodi mlangoni kwa mama ni kangomba. Msaada mkubwa kuliko wote ambao benki ingempa mama yangu mwaka ule ulikuwa kazi yake yenyewe ya benki: kumkopesha fedha ndogo, kwa riba ya haki, mwezi wa njaa. Angelilipa dawati la mwanawe, na gunia lingebaki ghalani.

Nami nitasema lililo jema pia. Mwaka 2021 Benki Kuu ililegeza masharti kwa mabenki yatakayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na baada ya hapo NMB na CRDB zikatangaza riba ya asilimia 9 kwa kilimo. Hiyo naipigia makofi kuliko madawati mia. Swali langu kwao ni moja tu: katika mikopo hiyo, wangapi ni akina mama wenye mikorosho ishirini kule Kitangari na Mkunya, na wangapi ni wenye maghala na malori? Meneja akija na hundi ya mfano, muulize hilo mbele ya watu. Jibu lake litakuambia zaidi ya ile hundi.

KITANDA BILA GLAVU

Dada yangu alijifungulia kwenye zahanati ya kijiji. Kitanda alicholalia kilitolewa na kampuni moja ya fedha, kimebandikwa nembo kwenye chuma cha kichwani. Kitanda kizuri, kinapanda na kushuka. Mtoto alitoka salama, leo anasoma darasa la nne. Namshukuru aliyekitoa.

Lakini glavu shemeji alinunua dukani. Maji ya kuoshea alinunua kwa ndoo. Taa ilikuwa ya simu ya mkunga. Muuguzi alikuwa mmoja, tangu asubuhi hajala. Kitanda kilikuwepo kwa sababu kitanda kinapigwa picha. Glavu hazipigwi picha. Mshahara wa muuguzi wa pili haupigwi picha. Dizeli ya pampu ya maji haipigwi picha.

Sisi wa Masasi na Newala si wageni wa misaada, tuna shule ya miaka mia na zaidi katika somo hili. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 wakiwa na watu waliokombolewa utumwani, wakajenga. Wabenediktini wakafika Ndanda mwaka 1906, na hospitali yao bado inatibu watu. Daktari Leader Stirling alikuja wilaya ya Masasi mwaka 1935, akapasua wagonjwa kule Lulindi chini ya paa la nyasi, akakaa miaka mingi, akawa raia, na miaka ya 1970 Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Afya. Walikuwa na makosa yao na nia zao, kila mtu ana zake. Lakini tofauti yao na hundi ya mfano ni hii: walikaa. Kitanda kilipovunjika walikuwepo.

Halafu wakaja Wafini. Kuanzia miaka ya 1970 hadi ya 1990 serikali ya Finland ilimwaga fedha kwenye maji ya Mtwara na Lindi. Mzee yeyote wa Newala atakuonyesha bomba la Wafini. Uwanda wetu uko juu, maji yako chini bondeni, kuyapandisha kunataka mitambo, nishati na vipuri kila siku ya Mungu. Mfadhili alipofunga ofisi, bili hazikufunga ofisi. Akina mama wakarudi kwenye ndoo.

Kwa hiyo mtu akikuletea kitu, msikilize mpaka mwisho, halafu uliza swali la mwenye nyumba: kikiharibika, nani anatengeneza, na fedha yake iko kwenye bajeti ipi?

HISANI HAINA MAHAKAMA

Sasa nifike kwenye kiini. Kuna vitu viwili vinafanana kama pacha, vyote vinakuja na madawati. Kimoja kinaitwa hisani, kingine kinaitwa haki. Hisani anayepanga ni mtoaji: atoe lini, wapi, kiasi gani, na nani aalikwe. Asipotoa mwakani huwezi kumpeleka mahakamani. Haki imeandikwa. Asiyeitoa anavunja sheria, na hata kama mahakama iko mbali, iko.

Nitakupa mfano unaouma. Sheria ya korosho ilikuwa na ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje: asilimia 15 ya bei au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Katika ushuru huo, asilimia 65 zilirudi kuendeleza zao lenyewe: pembejeo, miche, utafiti wa Naliendele. Kwa kiwango cha dola 160, hizo ni dola 104 kwa kila tani. Hiyo haikuwa zawadi ya mtu. Juni 2018, kwa Sheria ya Fedha, Bunge likaifuta, fedha yote ikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walipiga kelele ndani ya ukumbi. Hawakufua dafu.

Miezi minne baadaye wakulima waligoma kuuza kwa bei za mnada. Novemba 2018 Rais Magufuli akaagiza jeshi libebe korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, fedha zipitie Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Bei ilikuwa nzuri kuitaja, ila wengi walisubiri malipo mpaka mwaka uliofuata. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Uliofuata mavuno yakashuka sana. Sababu ziko nyingi, mvua ikiwemo, lakini mkorosho usiopuliziwa salfa hausomi hotuba. Baadaye serikali ilianza tena kuleta pembejeo za ruzuku, na mavuno yakapanda. Ni vyema. Lakini mwaka ule wa 2018, misaada ya madawati haikukoma! Tulipiga makofi kwa madawati hamsini wakati dola 104 za kila tani zinatoka mlango wa nyuma.

Na tujisute wenyewe pia. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliingiza kitu kinaitwa takrima, mgombea akaruhusiwa kuwakarimu wapiga kura. Kanga, kofia, pilau. Wanaharakati walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikasema takrima ni kinyume cha Katiba. Kwa nini? Kwa sababu ukarimu wa mwenye nacho unapindisha uamuzi wa asiye nacho. Sasa mimi nauliza: benki nayo ikija na mabati mwezi ule ule ambao chama cha msingi kinachagua akaunti ifunguliwe benki gani, hiyo ni nini? Sisemi ni rushwa. Nasema uwe na macho.

Kuna nchi zimeamua hisani igeuzwe wajibu. India, wanaonunua korosho zetu ghafi wakaenda kuzibangua kwao, wana Sheria ya Makampuni ya mwaka 2013. Kampuni kubwa inatakiwa itumie walau asilimia mbili ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa ajili ya jamii, na itoe taarifa hadharani. Hapa kwetu, marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanamtaka mchimbaji aandae mpango wa jamii kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Mwenye mgodi anabanwa. Mwenye benki anasifiwa. Nani alipanga hivyo? Waulizeni wagombea wote watakaokuja kwenu, wa rangi zote.

ASILIMIA NNE YAKO

Haya, nimekuweka juani muda mrefu kama mgeni rasmi. Sasa nikuoneshe mfuko wako.

Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa iliwekewa kifungu kinachoitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia nne ni ya wanawake. Asilimia nne ni ya vijana. Asilimia mbili ni ya watu wenye ulemavu. Hiyo siyo hisani ya mkurugenzi. Ni sheria.

Mapato ya ndani ya Masasi na Newala ni nini? Ni ushuru wa korosho. Ushuru wa zao la biashara ni asilimia tatu. Kilo iliyouzwa shilingi 4,000 inaiingizia halmashauri shilingi 120. Asilimia 10 ya hiyo ni shilingi 12, na ya vijana ni shilingi nne na senti themanini. Unacheka? Subiri. Kila kilo ambayo mama yako ameinama kuiokota ina karibu shilingi tano zako. Tani moja ni shilingi 4,800. Tani 10,000 ni milioni 48. Hapo sijagusa leseni, masoko, stendi, wala ushuru wa huduma ambao hata tawi la benki lenyewe linalipa halmashauri kutokana na mauzo yake. Milioni 48 zinazozunguka na kurudi kila mwaka, bila riba, zinafungua mashine za kubangua korosho, zinafungua useremala wa madawati hayo hayo tunayosubiri yaletwe na lori!

Zilikwenda wapi? Ripoti za Mkaguzi Mkuu zilikuta kasoro tele: vikundi hewa, mikopo isiyorejeshwa. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo hiyo. Mwaka 2024 ikatangaza inarudi kwa utaratibu mpya, na kwamba halmashauri kumi zitaanza kwa majaribio kupitia mabenki. Sikilizeni majina mawili katika kumi hayo: Jiji la Dar es Salaam na Mji wa Newala. Huku unakouza soksi, na kule kitovu chako kilikozikwa!

Hapo benki haiji tena kama mfadhili. Inakuja kama mtunza fedha yako. Na mtu akikutunzia fedha yako hupigi magoti. Unaomba daftari.

Lakini niambieni kweli, kwa kuinua mkono: wangapi humu mmewahi kuona picha ya benki ikigawa madawati? Ehe, wote. Wangapi mmewahi kwenda kwa ofisa maendeleo ya jamii kuuliza asilimia nne? Wawili. Basi tusiwalaumu vigogo peke yao. Tunajua asilimia moja ya wenzetu, hatujui asilimia nne yetu.

TUFANYE NINI?

Sitaki mtoke hapa na hasira tupu. Hasira haijazi tumbo. Nina mambo manne.

La kwanza, msikatae misaada. Mtoto hakai chini kwa ajili ya siasa zako. Pokeeni, shukuruni mara moja, sio mara nne. Msikubali watoto wasimamishwe juani kuanzia saa mbili kwa ajili ya mtu wa saa saba.

La pili, kila msaada ukifika uandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji: umetoka kwa nani, una thamani gani, na ule mchango wa wazazi uliokusanywa kwa kazi hiyo hiyo umekwenda wapi. Mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Wewe uliyeko mjini, ukituma elfu ishirini ya mchango, omba nakala. Ukiitwa mkorofi, itika.

La tatu, undeni vikundi vya kweli, vya watu mnaojuana kwa majina ya utotoni, mkaombe asilimia nne. Mkopwe, mrejeshe. Anayekula mkopo wa kikundi hana tofauti na aliyekula mchango wa mama yangu.

La nne, benki ikiuliza mnataka msaada gani, maana nyingine huuliza, na hiyo ni sifa yao, msiseme madawati tu. Semeni: tufungulieni dirisha mwezi wa Julai. Tufundishieni makatibu wa vyama vya msingi kuandika vitabu. Tulipieni fundi wa pampu miaka mitano. Mtaona nani ana nia na nani ana kamera.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema ndugu ni mbaya. Walisema usikae kibarazani kwake na shamba lako lina magugu.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Nikapita ile shule. Yale madawati hamsini, yaliyobaki nilihesabu tisa, mengine yamelundikwa nyuma ya darasa, mbao zimeliwa na mchwa, ila vibati vyenye nembo bado vinang'aa. Watoto wa darasa la kwanza wamekaa chini, madaftari juu ya magoti. Nikamuuliza mwalimu tatizo nini. Akanijibu kwa upole: "Tumeandika barua benki, kaka. Tunasubiri."

Nikamuuliza: halmashauri je, mmeiandikia? Akanitazama kama mtu aliyesahau kuwa kuna mlango wa pili nyumbani kwake.

Mama bado yupo, ana miaka sabini na ushei. Bado anaokota korosho zake asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nilipomwambia kuwa katika kila kilo anayookota mna karibu shilingi tano za vijana kwa mujibu wa sheria, alinyamaza kidogo, akasonya, akasema: "Basi nendeni mkazidai. Mimi nimechoka kuwaokotea watu."

Amekutuma wewe. Jumatatu ofisi zinafunguliwa saa moja na nusu.